Limekuudhi Wapi?

Mwanangu Tusajigwe,

Barua tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Nimejaribu kuanza hivyo nikashindwa. Mzima ni mzima. Hofu ndiyo sina. Nimeitafuta tangu asubuhi kama mtu anayetafuta miwani, na sijaiona. Kesho unaondoka kwenda Isongole kuanza biashara yako, na mimi baba yako sisikii kitu. Nakuambia mapema ili usije ukahangaika kuitafuta huzuni humu katikati ya mistari.

Umevuka mpaka kwenda Nakonde kumuaga mama yako mdogo, na nyinyi wawili mkikutana hamwachani upesi. Kwa hiyo nina jioni yote. Mambo ya safari siyagusi. Kufunga mizigo unajua kuliko mimi, mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, mmeshapatana, chumba umekiona mwenyewe na choo chake umekikagua. Mimi nataka kujibu swali lako tu.

Uliniuliza siku tulipoanua matanga ya mama yako. Watu walikuwa wameshaondoka, wewe unafagia majivu pale yalipokaa masufuria. Ukasema, "Baba, nataka kwenda Isongole. Nikaendeleze maturubai ya mama." Nikasema, "Sawa." Ukaacha kufagia. "Sawa gani, baba? Sawa ya kuniruhusu, au sawa ya kwamba hujali?" Nikakuambia tena sawa, nikaenda kufunga mlango wa kibanda changu cha kazi ambao ulikuwa umeshafungwa. Tangu siku hiyo unanisalimia kwa adabu zote, shikamoo ya asubuhi na shikamoo ya jioni, chakula kinafika mezani cha moto, na usoni hunitazami. Nimeliona hilo. Sikuwa na la kulifanya, lakini nimeliona.

Sasa nianzie mbali kidogo, maana jibu lenyewe halianzii siku ya matanga.

Wewe umezaliwa ukamkuta baba yako ni fundi wa maturubai ya malori, ukadhani nilizaliwa na sindano mkononi. Mimi nilikuwa utingo. Siku moja upepo ulitupasulia turubai tukiwa tunapandisha kutoka Mlowo, na dereva wangu, mtu wa matusi mengi, akanitupia sindano na kamba akasema, "Shona, ama utalipa mzigo." Nikashona juu ya mzigo lori likitembea. Tulipofika Tunduma tukasimama foleni, na dereva wa lori la nyuma yetu akaja kuuliza fundi ni nani. Wa nyuma yake naye akaja. Lori letu lilipovuka kwenda Zambia mimi nilibaki, na sijaondoka mpaka leo.

Foleni ndiyo niliyoioa kabla ya mama yako. Ilinilisha, ikanijengea hii nyumba ya vyumba vitatu. Lori likisimama barabarani siku nyingi, turubai lake huchakaa hapo hapo. Jua linalikausha, upepo unalipiga, vibaka wanapita na wembe usiku kutafuta kilichomo. Mimi kazi yangu ilikuwa kutembea na sindano kando ya malori nikiita. Madereva wa upande wa pili walikuwa wananifahamu kwa sauti. "Mulishani, batata!" wananisalimia kwa lugha yao, hujambo baba, wakiwa juu huko, nami najua leo nitakula.

Ukaja ule mwaka wa foleni ndefu. Ulikuwa mdogo lakini najua unaukumbuka, maana ndio mwaka ulionunuliwa viatu vyeupe. Malori yalisimama kutoka mpakani hadi kule Mpemba na kupita. Mpaka ulikuwa umebanwa, sijui na nini, wakubwa wanajua. Kwangu ilikuwa neema. Nikaajiri mafundi, nikapanga fremu ya pili, nikanunua pikipiki ya kufikia malori ya mwisho. Na nikachukua zile hela za mama yako alizokuwa ameweka ili anunue turubai kubwa jeupe la kukodisha kwenye shughuli, nikanunulia ile cherehani kubwa. Hili sikufichi, ulikuwepo. Ulikuwa umekaa kizingitini unatafuna muwa.

Mama yako hakugomba. Aliuliza tu, "Baba Tusa, hii foleni ni ya nani?"

"Ya nani vipi?"

"Nauliza mwenyewe nani. Siku akija kuichukua utamwambia nini?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia mwanamke wa milimani ajue maharage, barabara aniachie mimi. Naye akacheka kidogo, akaendelea kuchagua mchele.

Mwenyewe akaja kuichukua. Kazi mpakani ikanyooka, malori yakawa yanafika asubuhi na kuvuka siku hiyo hiyo. Nchi nzima ilifurahi. Mimi nilisimama kando ya barabara na mafundi wangu wanne tukiyatazama yanapita, maturubai mazima yanapepea, na dereva anapunga mkono tu. Nitakuambia jambo ambalo mchungaji halijui. Jumapili moja watu wamefumba macho wanaombea wagonjwa, mimi nilikuwa naomba mtandao wa mpakani ukatike. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa jina la Yesu. Mtu akifika hapo, mwanangu, ajue biashara yake imejengwa mahali pabaya, maana inashiba wenzake wakikwama.

Pikipiki ikauzwa. Fremu ikarudi kwa mwenyewe. Mafundi wakaenda zao, mmoja akiondoka na sindano zangu, na sikumlaumu. Cherehani ikabaki, maana hakuna aliyetaka kuinunua kwa bei ya maana. Nayo imekaa kwenye kibanda miaka yote hii, nikiitumia kwa kazi ambazo mkono ungetosha.

Wakati mimi napanda na kushuka kama homa, mama yako alikuwa anakua. Nasema kukua kwa maana ile ya mtoto, kwamba humwoni akikua, unashtukia tu suruali imemfupia. Alianza na viraka vyangu. Vipande nilivyokata na kutupa nyuma ya kibanda alivikusanya, akavisugua mafuta ya lori kwa sabuni ya unga mpaka mikono ikachubuka, akaviunga vikawa turubai la kuanikia nafaka. Akavibeba kwenda mnadani Igamba. Mimi nikaiita biashara ya matambara. Nilikuwa nikimtania mbele ya wateja wangu, "Mama Tusa leo anawavisha Wanyiha wa Igamba viraka." Walicheka. Yeye alikuwa anafunga mzigo wake, anaomba nauli, anakwenda. Mwaka wa pili hakuomba nauli.

Mara moja tu nilikwenda naye, kumbebea mzigo. Nilidhani nitamwona akipiga kelele mnadani kama wenzake. Hakuuza kwanza. Aliniburuza jua kali nyumba hadi nyumba kwa wanawake waliokuwa wamenunua mwaka uliopita, na kila alipofika, baada ya salamu na kuulizia watoto, aliuliza swali moja. "Lile turubai limekuudhi wapi?"

Njiani nikamwambia unajitia nuksi, muuzaji gani anaulizia ubaya wa mali yake? Uliza limewafaa vipi. Akaniambia, "Baba Tusa, ukimuuliza mtu kama limemfaa atakwambia limenifaa sana, ahsante. Ana adabu. Atakwambia hivyo na mwakani anakwenda kununua kwa mwingine. Muulize limemuudhi wapi, ndipo unampa ruhusa."

Nyumba ya mwisho tulimkuta mama mmoja ameanika maharage. Maharage unajua yanakomaa mvua bado haijaisha. Alijibu kwanza kwamba halijamuudhi popote. Mama yako akakaa kwenye kigoda kama mtu asiye na haraka. Ndipo yule mama akasema, "Ila linateleza. Mvua ikija tukilinyanyua na mwenzangu, linatuponyoka. Juzi maharage yote matopeni, na mzee akanilaumu mimi."

Mama yako hakumwambia pole. Alivua kandambili, akashika kona mbili, akamwambia yule mama ashike zake, wakalinyanyua turubai na maharage ya watu juu yake, wakakimbia nalo uani kuelekea mlangoni, linaponyoka, wanacheka, wanaokota, wanarudia. Mimi nimesimama na mzigo kichwani naona aibu. Akarudi anahema, ananionyesha viganja. "Ni hapa," akasema, "hapa ndipo panapotakiwa kitu cha kushika."

Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vile vitanzi vya kona, vya uzi mwekundu, ambavyo wewe umevikuta ukadhani maturubai yote duniani yanavyo. Bei aliipandisha kidogo mwaka huo na hakuna aliyenung'unika, maana kila mmoja aliona anachokilipia.

Kila mwaka jambo moja. Hilo lilikuwa neno lake, na nilikuwa nalisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilimshauri mwaka ule ule abadili na ukubwa, aweke na rangi, aongeze na ndoo na mabeseni, afungue na duka Vwawa. Akanijibu, "Nikibadili mengi pamoja, sitajua ni lipi limeniletea mteja na ni lipi limemfukuza." Basi mwaka wa vitanzi ulikuwa wa vitanzi. Uliofuata alianza kwenda Igamba kabla ya mavuno badala ya wakati wa mavuno, na walioishiwa alikubali walipe mahindi, akayatunza mpaka bei ilipopanda. Kuna mwaka jambo lake moja lilikuwa kuacha. Aliacha kushona mabegi ya turubai, yaliyokuwa yanapendwa, kwa sababu aligundua yanamla muda wa maturubai na faida yake ni sifa tu. Mimi sijawahi kuacha kitu kwa hiari yangu. Vyote vimeniacha vyenyewe.

Nilisema huzuni haipo humu, na kweli sijaiona. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikilifikia mkono unakuwa mzito, basi nilipite upesi.

Ule msimu alipoanza kuumwa, nilisema nitamshonea mzigo wa Igamba. Nilishona vizuri, cherehani ilikuwa imepata kazi. Ila vitanzi sikuweka. Kitanzi kimoja kinashonwa kwa mkono, kinakula muda, na kila turubai lina kona nne. Nikajiambia turubai ni turubai. Bei nikaacha ile ile, na mzigo nikaupeleka mnadani mwenyewe. Wakanunua yote bila hata kuyakunjua, kwa sababu waliamini mkono wa mama yako.

Mwaka uliofuata alipata nafuu akaenda mwenyewe. Akarudi, akala kidogo, akaniambia, "Leo nimeuliza nyumba zote limekuudhi wapi. Wote wamenijibu hapana mama, ni zuri tu." Nikasema si vizuri hivyo? Akasema, "Baba Tusa, wamenirudishia adabu."

Sikuelewa. Yeye alielewa. Wiki ile akachukua sindano na uzi mwekundu akarudi Igamba, akapita nyumba baada ya nyumba akishona vitanzi kwenye maturubai niliyowauzia mimi, amekaa chini kwenye nyua za watu, na ile homa yake. Hakudai kitu. Wewe ulikuwa shule. Mimi nilikuwa barabarani natafuta lori lililopasuka. Alikwenda siku nyingi, na hata siku moja sikumsindikiza hadi stendi.

Wateja wakarudi. Wote, na walileta na wengine. Mwisho wa mwaka ule mapato yake yalipita ya mwaka uliotangulia, kwa kidogo tu, kama kawaida yake. Na ndio mwaka aliponunua lile turubai kubwa jeupe alilokuwa ameliweka moyoni tangu ule mwaka wa foleni.

Kwa turubai hilo nalo tuligombana. Harusi na kipaimara alikodisha kwa bei kamili. Msiba alitoa bure, sharti lake lirudishwe limefuliwa. Nikamuuliza biashara gani hiyo, maana misiba ndiyo mingi kuliko harusi. Akasema, "Mtu aliyefiwa hasahau kivuli alichokalia." Nikadhani ni maneno ya kanisani. Baadaye nikaona kwamba kila nyumba iliyopewa turubai la msiba ndiyo iliyokuja kukodi la harusi, hata kama jirani yao analo la bei chee. Hiyo ilikuwa huruma, na ilikuwa hesabu pia. Kwa mama yako vitu hivyo viwili vilikaa chungu kimoja na sijui alivitofautishaje.

Sasa nifike siku yenyewe, ya mazishi. Nilikaa chini ya turubai lile lile. Watu walisema mlilie mwenzio, mzee, usijikaze. Sikuwa nimejikaza. Kwaya inaimba, mchungaji anasoma, shangazi zako wamejitupa chini, na mimi macho yangu yalikuwa juu pale kwenye nguzo ya kati. Niliona mshono umeanza kuachia, na nikawa nachagua uzi. Nailoni ya unene gani, nianzie upande upi. Nilikuwa bado nachagua wakati wananishika mkono twende makaburini. Najua uliniona. Najua ulichofikiri, na sikukatazi kukifikiri.

Wakati wa kutawanyika nilikuta wanawake, wengi wao nisiowafahamu, wanafungua kamba. Walikuwa wametoka Igamba, wamekodi gari wenyewe. Nikawaambia acheni, vijana watakunja. Hawakunisikiliza. Walilishusha lile jeupe chini, wakashika zile kona zenye uzi mwekundu, na wakakimbia nalo kuelekea ukutani, na jua linawaka, mvua hakuna. Yule mama wa maharage alikuwemo. Alipita karibu nami anahema, akasema, "Alitufundisha hivi." Nikamjibu, "Sawa." Unaona, nilikuwa nayo hiyo hiyo moja. Nilimpa na yeye.

Basi kuhusu Isongole. Nilikusikia ukimwambia mama yako mdogo kwenye simu kwamba lami imefika, malori yameanza kupita, utanunua robota zima la turubai, utaajiri wasichana wawili, utaweka na bango. Ulisema kwa sauti yangu. Niliisikia sauti yangu ya ule mwaka wa viatu vyeupe inatoka chumbani kwako, na hata hapo sikushtuka, nilijua tu kwamba ningetakiwa kushtuka.

Sikukatazi bango. Ila lami si mteja, mwanangu. Lori linalopita ni la barabara, na barabara ni ya mwenyewe. Ukipata kazi ya lori ishone na ushukuru, lakini usiajiri mtu kwa ajili yake. Mteja ni yule utakayemkuta nyumbani mwakani ukimfuata. Huko milimani mvua ni nyingi kuliko Igamba, wana kahawa, wana maharage, na wanawake wa upande wa Malawi wanavuka siku za soko. Kindali cha mama yako unakijua, mimi miaka yote nimejua salamu tu. Hayo ndiyo mtaji, robota zima baadaye. Anza na machache, uza yote, kisha pita nyumba kwa nyumba ukaulize. Na kwa kuwa ni ndugu wa mama yako watakujibu kwa adabu kwamba ni zuri tu. Hapo kaa kwenye kigoda, usiwe na haraka.

Jingine nililojifunza kwa hasara. Mwaka mmoja niliweka faida yangu yote kwa kwacha, hela ya Zambia, kwa sababu ilikuwa inapanda na mimi nilijiona mjanja kuliko wabadilisha fedha wa pale mpakani. Ikashuka nimelala. Huko nako utapewa kwacha, ya Malawi hiyo. Pokea hela ya mtu, usimkatae mteja, lakini usilale nayo.

Usipime mwaka wako kwa mwezi mmoja mzuri. Mimi nilipima hivyo. Ukitaka kujua kama umekua, tazama mwezi wako mbaya kuliko yote, kisha uulinganishe na mwezi mbaya wa mwaka uliopita. Ukiona ule mbaya wa sasa una nafuu, umekua. Mama yako hakuwahi kuniambia hivyo. Nimeligundua mwenyewe juzi, nimekaa hapa sina kazi, kwa kukumbuka namna alivyokuwa anatulisha Januari.

Leo ulipovuka tu kwenda Nakonde nilifungua kibanda. Nimefungua boliti za cherehani kubwa, zimeshika kutu, moja nimeikata kwa msumeno. Nikamwita Kalinga wa gereji anisaidie kuinyanyua. Akaniuliza, "Mzee, sasa wewe utashonea nini?" Nikamwambia nina mikono. Akasema mikono yako imezeeka. Nikamwambia nayo inajua. Tumeiweka ukumbini nyuma ya mlango, nimeifunga kwa turubai na kuishonea kabisa ili usianze kubishana nami kesho. Haikuwa yangu. Ilinunuliwa kwa hela za turubai jeupe la mama yako, na inakwenda kufanya kazi ya mama yako. Mwenye kirikuu nimeshampigia, anajua kuna mzigo mzito umeongezeka.

Kisha nikakaa nikajaribu kushona kitanzi kimoja kwenye kipande. Fundi wa miaka yote hii, nikashindwa. Cha kwanza kililegea. Cha pili kilipinda. Nikakumbuka kwamba yeye alikuwa anakanyaga kona kwa kisigino ndipo anavuta, nikakanyaga, nikavuta kwa nguvu, na uzi ukanikata kidole hadi ndani.

Kiliuma, Tusa. Kiliuma kweli kweli. Nikakaa sakafuni pale penye alama ya mguu wa cherehani nakisikia kinauma, na sikukifunga kitambaa haraka, kwa sababu ni kitu cha kwanza kukisikia tangu tumzike, nikaogopa kwamba kikinyamaza na mimi nitanyamaza tena. Bado kinauma ninavyoandika. Hilo doa pembeni mwa karatasi ni lake.

Kwa hiyo nina ombi. Usinitumie hela ya matumizi, majirani watakusifu na mimi nitakula, basi. Nitumie kona. Maturubai yakate, yaunge, piga mshono wa pembeni kwa mashine, kisha uyapakie gari yaje Tunduma bila vitanzi. Vitanzi nitashona mimi kwa uzi mwekundu na kuyarudisha. Nikilegeza hata kimoja, nirudishie.

Na jibu la swali lako ni kwamba sawa yangu haikuwa ya ruhusa wala ya kutojali. Ilikuwa ni neno pekee lililobaki mdomoni, nikakupa hilo. Nenda. Ukienda nitabaki peke yangu na nyumba hii, na nakuruhusu hivyo hivyo.

Utakuja hapa kabla ya mavuno kuchukua mzigo. Siku hiyo nitakuwekea kigoda uani, nitakaa bila haraka, na nitakuuliza mimi baba yako nimekuudhi wapi. Tafadhali usinijibu kwa adabu.

Baba yako,
anayekungoja na uzi mwekundu.